Baruti Nyeusi katika Rivolva Iliyogeuzwa: Ujazaji wa Risasi kwa Mkono na Tatizo la Istilahi Zake katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno risasi hubeba mizigo mitatu. Kwanza, ni madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, na hiyo ndiyo maana ya asili iliyokuja na neno lenyewe kutoka katika Kiarabu. Pili, ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kumpata mnyama au mtu. Tatu, ni kifurushi kizima kinachouzwa dukani na kuhesabiwa na polisi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 kuhusu udhibiti wa silaha na risasi imelitumia neno hili kwa maana ya tatu, na hakuna msomaji anayetatizika. Tatizo huanza pale mtu anapotaka kueleza jinsi kifurushi hicho kinavyoundwa, kwa kuwa hapo maana zote tatu hukutana katika sentensi moja: risasi huyeyushwa ili kufanya risasi itakayotiwa katika risasi.

Neno baruti lina upungufu wa aina nyingine, nao ni wa hatari zaidi. Mwindaji wa gobore huita baruti ule unga mweusi anaoumimina mtutuni. Mchimbaji wa dhahabu huita baruti kile kinachopasua mwamba. Askari huita baruti kile kilichomo ndani ya risasi yake ya kisasa. Vitu hivi vitatu havifanani kikemia wala kitabia, na anayekiweka kimoja mahali pa kingine anaweza kupoteza vidole, macho au uhai.

Makala hii inaeleza ujazaji wa risasi za baruti nyeusi kwa ajili ya rivolva zilizogeuzwa, yaani bastola zenye silinda inayozunguka ambazo ziliundwa zijazwe kwa unga na kichwa mbele ya silinda, kisha zikabadilishwa ili zitumie risasi za ganda la chuma. Rivolva ya aina hii ina manufaa ya pekee kwa mtafiti wa istilahi. Ni silaha moja iliyovuka mpaka wa zama mbili: upande mmoja ni ndugu wa gobore, upande wa pili ni mama wa bastola ya leo. Katika maelezo yanayofuata, risasi ni kifurushi kizima. Kichwa ni kipande kinachoruka. Ganda ni kikopo cha shaba. Fataki ni kiwashio kilichoko kitakoni. Na madini ya risasi ni madini. Fataki ni neno la zamani la pwani kwa kiwashio cha bunduki, ingawa kijana wa Tanzania wa leo huenda akalijua zaidi kama jina la mzee anayewarubuni wasichana wa shule.

2.0 Hataza Iliyochelewesha Silaha

Kugeuzwa kwa rivolva hakukutokana na uhaba wa maarifa. Kulitokana na sheria. Tarehe 3 Aprili 1855 Rollin White, fundi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha Colt, alipata hataza ya Marekani iliyohusu, pamoja na mambo mengine, silinda iliyotobolewa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Tundu lililopenya ndilo linaloruhusu risasi kuingizwa kwa nyuma. Kampuni ya Smith & Wesson ilinunua haki ya kuitumia hataza hiyo kwa malipo ya senti 25 kwa kila rivolva, na mwaka 1857 ikatoa rivolva yake ndogo ya kwanza ya risasi za ganda. White alibakiwa na jukumu la kuitetea hataza mahakamani kwa gharama zake mwenyewe. Hilo lilikuwa shimo alilojichimbia kwa kalamu yake, maana kesi zilikula sehemu kubwa ya alichopata.

Kwa sababu hiyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865, vilipiganwa kwa sehemu kubwa kwa rivolva za fataki na unga. Askari alimimina baruti katika kila chemba ya silinda, akakandamiza kichwa juu yake kwa wenzo uliokuwa chini ya mtutu, kisha akavika fataki juu ya chuchu ya chuma nyuma ya kila chemba. Wengine walitumia vifurushi vya karatasi vilivyounganisha baruti na kichwa. Kazi hiyo ilichukua dakika nzima au zaidi, na mvua iliweza kuiharibu.

Hataza ilikwisha mwaka 1869. White aliomba aongezewe muda, Bunge la Marekani likakubali, lakini Rais Ulysses Grant akakataa kutia sahihi mwaka 1870. Wakati huo maghala ya serikali na mifuko ya raia ilikuwa imejaa rivolva nzuri za mtindo wa zamani. Za Colt za mwaka 1860 peke yake zilikaribia 200,000 hadi utengenezaji ulipokoma. Kuzitupa kungekuwa hasara, hivyo zikageuzwa.

Colt ilikuwa imekwisha kujaribu njia ya kuikwepa hataza kabla haijaisha. Muundo wa Alexander Thuer, wa mwaka 1868, uliingiza risasi kwa mbele ya silinda, ganda likiwa limechongoka kidogo kuelekea nyuma ili likae kwa kubanwa. Wanunuzi wengi hawakuupenda. Hata hivyo una nafasi yake katika historia ya mada hii, kwa sababu uliuzwa pamoja na vifaa vya kujazia maganda upya. Baadaye Charles Richards alibuni mfumo wa mwaka 1871, ambapo sehemu ya nyuma ya silinda ilikatwa na mahali pake pakawekwa bamba lenye mlango mdogo wa kupakilia. William Mason aliuboresha mwaka uliofuata. Jeshi la Marekani lilizirudisha kiwandani zaidi ya rivolva elfu moja ili zigeuzwe kwa mfumo wa Richards. Remington nayo iligeuza rivolva zake kuanzia mwaka 1868, kwa kulipia leseni. Mwaka 1873 Colt ikatoa rivolva mpya kabisa iliyoundwa kwa ajili ya risasi ya .45, na zama za kugeuza zikaanza kufifia.

Zilifufuka karne moja baadaye. Viwanda vya jimbo la Brescia, Italia, hutengeneza nakala za rivolva hizo, na mafundi wa Marekani huuza silinda zinazoingia katika nakala hizo bila kukata chuma. Wapenzi wa mashindano ya ulengaji ya mtindo wa karne ya kumi na tisa ndio wateja wakuu. Wengi wao hujaza risasi zao wenyewe, jambo ambalo sheria ya shirikisho ya nchi hiyo huliruhusu bila leseni kwa matumizi binafsi. Afrika Mashariki hali ni tofauti kabisa, kwani silaha na risasi huhitaji kibali.

3.0 Tabia ya Baruti Nyeusi

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makaa ya mti na salfa, kwa uwiano uliozoeleka wa 75, 15 na 10 kwa mia. Shura hutoa oksijeni, makaa ndiyo kuni, na salfa hushusha joto linalohitajika ili moto uanze. Ni mchanganyiko wa kimaumbile, si kampaundi moja. Hapo ndipo tabia zake zote zinapoanzia.

Tabia ya kwanza ni uchafu. Andrew Noble na Frederick Abel, waliochunguza baruti iliyolipuliwa ndani ya vyombo vilivyofungwa katika miaka ya 1870, walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki kuwa gesi. Hubaki kuwa chumvi za potasiamu na masizi. Sehemu yake hutoka mtutuni kama moshi mzito mweupe, na sehemu hubaki ikiwa utandu ndani ya silaha. Wapiganaji wa Afrika Mashariki waliujua moshi huo vizuri. Mnamo Novemba 1914, vita vya Tanga vilipopiganwa, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo risasi zake zilikuwa za baruti nyeusi, na kila mlio ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji.

Tabia ya pili ni mwendo wa kuungua. Punje ya baruti nyeusi huungua kuanzia juu kwenda ndani, na kasi yake haipandi sana kanieneo linapopanda. Kwa hiyo ukubwa wa punje ndio unaoamua kasi. Punje kubwa hufaa mizinga na bunduki ndefu. Punje ndogo, ambazo Wamarekani huziandika kwa herufi F tatu, hufaa rivolva. Baruti isiyo na moshi, iliyobuniwa na Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, hutenda kinyume: kanieneo likipanda huungua haraka zaidi, na kuungua haraka hupandisha kanieneo zaidi. Gramu moja yake ina nishati nyingi kuliko gramu moja ya baruti nyeusi.

Tabia ya tatu ni kuchukia nafasi tupu. Risasi nyingi za kisasa za bastola zina hewa ndani, na hakuna madhara. Baruti nyeusi haitakiwi kuachiwa pengo kati yake na kichwa. Pengo likiwepo, kanieneo huweza kupiga kwa ghafla mahali kichwa kilipo na kuacha uvimbe wa duara katika chuma. Kanuni hii ni ya zamani kuliko rivolva, na kila mwindaji wa gobore anaifahamu kwa mikono yake: baada ya kumimina huchukua mdeki na kushindilia mpaka kila kitu kikae.

4.0 Sehemu za Risasi na Ujazaji Wake

Si kila ganda linaweza kujazwa upya. Maganda ya awali ya Marekani yalikuwa na kiwashio kilichopakwa ndani ya ukingo wa kitako. Nyundo ilipiga ukingo, ukabonyea, na ganda likawa takataka. Mfugaji aliyekaa mbali na duka aliona hasara hiyo. Fataki ya katikati ya kitako ilibadilisha mambo. Mnamo 1866 miundo miwili ilipata hataza: wa Edward Boxer, Mwingereza, wenye tundu moja la moto katikati, na wa Hiram Berdan, Mmarekani, wenye matundu madogo mawili na fuawe iliyo sehemu ya ganda. Ganda la Boxer ni rahisi kulitoa fataki kwa msumari mmoja kutoka ndani. Kwa kejeli ya historia, Marekani ilikumbatia muundo wa Mwingereza, na Ulaya ikachukua wa Mmarekani.

Ganda lililosafishwa hurudishwa kwanza katika kipimo chake, kwa sababu mlipuko hulipanua likabana chemba. Fataki mpya hukandamizwa mpaka iwe chini kidogo ya uso wa kitako; ikijitokeza, silinda hukwama au, vibaya zaidi, fataki husuguliwa na bamba la nyuma. Kisha hufuata baruti. Mjazaji wa baruti nyeusi hupima kwa ujazo, kwa kikombe cha shaba. Risasi ya .45 ya Colt iliuzwa ikiwa na grini 40 za baruti, karibu gramu 2.6, nyuma ya kichwa cha grini 255. Anayejaribu kiasi hicho katika ganda la leo hugundua kuwa hakiingii vizuri. Hajakosea kupima. Maganda ya karne ya kumi na tisa yalikuwa na kitako chembamba na nafasi zaidi ndani. Ya leo yana kitako kinene. Kushindana na ganda ili lipokee kiasi cha mababu hakuna faida. Kinachotakiwa ni baruti ijae hadi kichwa kikikaa kiibane kidogo. Mjazaji anayetaka nguvu ndogo hajazi nusu na kuacha hewa. Hupunguza baruti na kuweka juu yake kijazio kisicho na madhara, na kilichozoeleka ni unga wa mahindi wa chengachenga.

Kichwa ndicho chenye mambo mengi kuliko sehemu nyingine, na hapa rivolva iliyogeuzwa hutofautiana na dada yake iliyozaliwa na ganda. Katika rivolva ya fataki, chemba ya silinda ina upana wa kichwa chenyewe. Silinda inapotobolewa moja kwa moja, ganda linaloingia katika chemba hiyo lina upana uleule, na kichwa kinachojaza mtutu hakiwezi tena kuingia ndani ya ganda. Mafundi wa wakati huo walitatua hilo kwa kichwa chenye kisigino: sehemu ya mbele ina upana wa nje wa ganda, na sehemu ya nyuma imepunguzwa ili iingie ndani. Risasi ndogo ya .22 inayotumika duniani kote leo bado ina kisigino hicho. Kasoro yake ni mafuta. Mifuo ya kulainishia ya kichwa hicho iko nje ya ganda, hivyo mafuta hushika mchanga na vumbi la mfukoni.

Risasi za baadaye zilificha mafuta ndani ya ganda kwa kupunguza upana wa kichwa. Ndipo likazuka tatizo ambalo wanunuzi wa silinda za kisasa bado hukutana nalo. Mtutu wa Colt ya mwaka 1851, iitwayo ya .36, una upana wa takriban inchi 0.375. Kichwa cha risasi ya .38 ya leo kina inchi 0.357 au 0.358. Tofauti ni karibu nusu milimita, na kichwa kigumu kinachopita hapo huyumba bila kushikwa na mifereji ya msokoto. Tiba ni kichwa cha madini laini chenye shimo kitakoni. Gesi huingia katika shimo, hukitanua, na kukibandika mtutuni. Rivolva za .44 za mwaka 1860 hazina usumbufu mkubwa hivyo, kwa kuwa mtutu wake unakaribia vipimo vya vichwa vya .45.

Madini laini, basi, si suala la ladha. Madini safi ya risasi, au yaliyochanganywa na bati kidogo, ndiyo yanayotakiwa. Huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la kawaida hulifikia. Urahisi huo huwadanganya watu. Tone moja la maji likiingia katika chungu hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha madini usoni. Sumu ya madini haya huingia mwilini polepole, kwa vumbi na moshi wake na kwa mikono isiyonawishwa kabla ya kula, na huwadhuru watoto kuliko wakubwa. Kazi hii haifai kufanyika jikoni.

5.0 Nta, Shahamu na Maji ya Moto

Ulainishaji katika baruti nyeusi haupunguzi msuguano tu. Lengo kubwa ni kuufanya utandu wa masizi ubaki laini ili risasi inayofuata iufagie. Mchanganyiko wa zamani ni nta ya nyuki na shahamu ya kondoo. Wengine hutia mafuta ya zeituni. Mafuta ya petroli, yanayofaa sana katika silaha za kisasa, yakikutana na masizi ya baruti nyeusi huunda kitu kigumu kama lami. Baadhi ya wajazaji huweka kidonge cha mafuta kati ya baruti na kichwa, lakini hutanguliza duara la karatasi nene, maana mafuta yakiyeyuka kwa joto la sanduku huloweka baruti na risasi haitalia.

Utandu hukusanyika pia mbele ya silinda, penye mwanya kati yake na mtutu. Baada ya mizunguko michache silinda huanza kugoma. Katika hili Colt ina nafuu, kwa kuwa mhimili wake mnene umechongwa mifereji inayohifadhi grisi. Mhimili mwembamba wa Remington hukwama mapema. Wasifiaji wa Remington, wanaosifu kiunzi chake kilichofungwa juu, mara nyingi hulipita jambo hili kimya.

Baada ya ulengaji, chumvi zilizobaki hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kula chuma. Kinachoziyeyusha ni maji, tena ya moto na sabuni. Maji ya moto yana faida ya kukikausha chuma haraka kabla ya kupakwa mafuta. Maganda nayo hutumbukizwa majini siku hiyohiyo, la sivyo shaba huwa nyeusi na kuliwa. Mmiliki aliyezoea silaha za kisasa, ambaye husafisha kesho au wiki ijayo, hupata kutu asubuhi.

6.0 Baruti Moja, Maana Mbili

Ajali mbaya kuliko zote katika shughuli hii hutokana na kosa moja: kipimo cha ujazo cha baruti nyeusi kujazwa baruti isiyo na moshi. Kikombe ni kilekile, ganda ni lilelile, na macho hayaoni tofauti kubwa kati ya unga mmoja wa rangi ya giza na mwingine. Silinda ya zamani, yenye kuta nyembamba na chuma cha enzi yake, hupasuka. Hata Colt ya mwaka 1873, ambayo ilizaliwa na ganda, haikupewa dhamana ya kiwanda kwa baruti isiyo na moshi hadi mwaka 1900. Nakala za leo zenye kiunzi cha shaba hazivumilii hata silinda ya kugeuzia, na wauzaji wa silinda hizo huonya hivyo.

Katika Kiingereza mwongozo huweza kutaja aina mbili za unga kwa majina mawili ambayo msomaji hawezi kuyachanganya. Katika Kiswahili mfasiri asiye mwangalifu huandika baruti pote pawili. Historia inaeleza kwa nini lugha haikuhitaji tofauti hiyo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za mifereji na risasi zake zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, lakini ukaacha mlango kwa magobore ya mawe na baruti ya biashara. Kwa mtu wa kawaida wa pwani na bara, unga wa kumimina ulikuwa wa aina moja tu. Risasi za ganda zilikuwa mali ya serikali, na aliyezitumia alizipokea zikiwa zimekwisha kufungwa. Hakuwa na sababu ya kukipa jina kilichomo ndani.

Pendekezo lenye uzito katika uundaji wa istilahi ni kutoliacha neno baruti peke yake katika maandishi yoyote ya kiufundi. Baruti nyeusi iandikwe hivyo kila inapotajwa, hata pale urudiaji unapochosha sikio. Kwa ile nyingine, baruti isiyo na moshi ni ndefu lakini inaeleweka. Kufupisha kuwa baruti ya kisasa hakufai, kwani anayenunua kopo jipya la baruti nyeusi lililotengenezwa mwaka huu ana haki ya kuiita ya kisasa. Kilipuzi cha migodini kiitwe kilipuzi. Kuhusu risasi, kichwa na ganda vimekwisha kuzoeleka katika taarifa za magazeti na ushahidi wa mahakamani, na mwandishi wa kamusi anachotakiwa kufanya ni kuviingiza.